Ngeu na Kidoko: Michoro ya Majabali ya Kondoa na Ushahidi wa Lugha

Msafiri atokaye Dodoma kuelekea Babati na Arusha, akishaupita mji wa Kondoa, hufika katika kijiji cha Kolo. Hapo ndipo wageni wapatapo kibali na kiongozi wa kuwapandisha mlimani, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ambako majabali makubwa yameinama na kufanya vivuli mfano wa mapaa ya nyumba. Chini ya mapaa hayo wamo twiga, pofu, tembo na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, waliochorwa kwa rangi nyekundu na watu ambao hawakutuachia jina. Mahali hapa palitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lililotajwa lina ukubwa wa kilometa za mraba 2,336, na idadi ya majabali yenye michoro imekisiwa kuwa baina ya 150 na 450. Upana wa makisio hayo peke yake watosha kumwonyesha msomaji kwamba kazi ya kuyahesabu haijakwisha.

Mwandishi wa makala haya hakuijua Kondoa kwa kuizuru. Aliijua kwa mara ya kwanza ng'ambo, katika maktaba ya chuo alichosomea shahada yake ya pili, ndani ya kitabu kikubwa cha Mary Leakey kilichotolewa mwaka 1983, ambacho jina lake laitaja sanaa hii kuwa sanaa ya Afrika inayotoweka. Ni kitabu kizuri sana. Walakini tangu siku ile swali moja limekuwa likinisumbua: ni kitu gani hasa kinachotoweka? Kama ni rangi juu ya mwamba, basi hilo ni jambo la wanakemia na la walinzi. Lakini kama kinachotoweka ni maneno ambayo kwayo watu wa Kondoa na Usandawe wameyasema majabali hayo, hapo sisi wa idara za lugha hatuwezi kukaa pembeni tukatazama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya michoro ya Kondoa, kama ilivyoandikwa kwa muda wa karibu miaka mia moja, imeegemea ushahidi wa lugha kuliko inavyokiri, na kwamba mara nyingi ushahidi huo umetumiwa kwa haraka.

Tuanze na maneno yetu wenyewe ya Kiswahili, maana nayo yana hila zake. Tumezoea kusema "michoro ya mapangoni". Mapango, katika maana halisi ya neno, ni machache mno Kondoa. Mahali pengi penye michoro ni kivuli cha jabali lililoinama, pasipo giza na pasipo kina, ambapo mtu husimama akiliona bonde zima mbele yake. Hii si tofauti ndogo. Anayesikia "pango" hufikiri habari ya maficho na siri. Aliyesimama chini ya jabali la Kolo hufikiri habari ya baraza. Neno "kuchora" nalo lina mambo yake. Kamusi Sanifu ya Johnson ya mwaka 1939 yaonyesha kwamba kitenzi hiki kilihusu kwanza kukata na kutia nakshi kwa patasi au kisu, kama wafanyavyo mafundi wa milango ya pwani, kisha ndipo kikahusu kuandika picha. Kondoa hakuna cha kukatwa kwa patasi: ni rangi iliyopakwa, pengine kwa kidole, pengine kwa kijiti au unyoya. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina neno zuri kwa ile rangi nyekundu yenyewe, nalo ni "ngeu", udongo mwekundu ambao maseremala walipigia mstari juu ya ubao kabla ya kupasua. Sijaliona neno hili katika kijitabu chochote cha utalii nilichopata kukisoma. Wote huandika "rangi nyekundu".

Na maadamu tumelitaja neno rangi, yafaa tuondoe kosa moja ambalo husikika hata kutoka kwa watu waliosoma. Kwa kuwa mji uliitwa Kondoa Irangi, na wenyeji huitwa Warangi, wageni kadha wa kadha wamedhani kwamba jina hilo limetokana na rangi za majabalini: watu wa rangi, nchi ya rangi. Ni fasiri tamu lakini haina msingi. Neno letu "rangi" asili yake ni Kiajemi, nalo lilifika pwani kwa njia ya bahari. Ilhali wenyeji hujiita Valaangi na lugha yao huiita Kilaangi, na ufanano wa majina haya mawili ni wa sadfa tu. Nalitaja jambo hili kwa sababu ni mfano mdogo wa kosa kubwa nitakalolieleza hapa chini, yaani kuchukua sauti mbili zinazofanana na kuzijengea historia.

Habari za michoro hii zilianza kuchapishwa kwa Kiingereza mwaka 1929, T. A. M. Nash alipotoa taarifa fupi ya michoro aliyoiona karibu na Kondoa Irangi. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alifanya safari zake katika nchi za ndani katika miaka ya 1930. Louis na Mary Leakey walifika mwaka 1935, na mwaka 1950 jarida la Tanganyika Notes and Records likatoa toleo zima juu ya michoro ya majabali. Mwaka uliofuata, 1951, Mary Leakey alirudi na kukaa miezi akinakili, kwa karatasi angavu iliyobandikwa juu ya mwamba, picha zipatazo 1,600 hivi. Bila ya kazi hiyo tusingejua leo kiasi cha kilichofutika. Lakini yafaa kusema wazi kwamba karatasi ile ilinasa mstari na rangi tu. Jina la jabali, habari za wanaolitunza, na maneno yasemwayo mtu akilikaribia, hayo hayakuwa na nafasi juu ya karatasi.

Mfano mashuhuri ni picha moja ya Kolo ambayo karibu kila mgeni huonyeshwa. Katikati yupo mtu aonekanaye kuwa mwanamke. Upande mmoja wamesimama wawili, upande wa pili wawili, na mikono yao yaonekana kumshika au kumvuta. Wawili kati yao wana vichwa vya ajabu, kama waliovaa vinyago. Mary Leakey aliifasiri kuwa ni utekaji: mwanamke anaporwa, na watu wake wanajaribu kumrudisha. Wengine baadaye wakasema la, hii ni ngoma ya uganga, na yule wa katikati amepandwa, anategemezwa asianguke. Tutazame jinsi kila fasiri ilivyozaliwa na kitenzi. Ukisema "wanamvuta", umekwisha kuandika kisa cha vita. Ukisema "wanamshikilia", umeandika kisa cha tiba. Mwamba wenyewe hauna kitenzi.

Hapa ndipo lugha ilipoingizwa kama shahidi. Wilaya za Kondoa na Chemba pamoja na nchi zilizo jirani ni mahali pa pekee katika Afrika yote, kwa kuwa makundi makubwa ya lugha za bara hili yamekutana humo kwa umbali ambao mtu aweza kuutembea kwa siku chache. Warangi husema lugha ya Kibantu, nayo ni ya ajabu kati ya ndugu zake kwa kuwa katika baadhi ya njeo kitenzi kisaidizi huja baada ya kitenzi kikuu. Waburunge na Waalagwa husema lugha za Kikushi. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatooga, husema lugha ya Kiniloti. Na upande wa magharibi, huko Farkwa na Kwa Mtoro, wapo Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko, zile sauti za kudatisha ulimi ambazo Mswahili hutumia kwa kumwendesha punda au kuonyesha masikitiko, bali kwao ni konsonanti kamili za kujengea maneno. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, upande wa kaskazini, nao wana vidoko.

Hoja ikajengwa hivi: Wasandawe wana vidoko; Wasani wa kusini ya Afrika wana vidoko; Wasani walichora majabalini; kwa hiyo waliochora Kondoa ni mababu wa Wasandawe, na michoro yao yafaa kusomwa kwa ufunguo wa imani za Wasani. Joseph Greenberg alipoziweka lugha hizi zote katika jamii moja katika kitabu chake cha mwaka 1963, hoja ilipata nguvu mpya. Baadaye wanaisimu wameilegeza jamii hiyo sana. Kihadza, kwa maoni ya wengi, hakina ndugu anayejulikana. Kisandawe kina dalili za uhusiano wa mbali na lugha za Kikhoe, lakini dalili hizo zingali zikijadiliwa, tena Kikhoe chenyewe si lugha ya hao Wasani ambao michoro yao ya Drakensberg imefasiriwa kwa undani zaidi. Kidoko ni sauti, na sauti huazimwa: Kizulu na Kixhosa, lugha za Kibantu zisizo na shaka, zimejaa vidoko vilivyochukuliwa kwa jirani. Mtu hawezi kusimama juu ya kidoko kimoja akavuka kutoka Drakensberg mpaka Kolo.

Sisemi kwamba Wasandawe hawahusiki. Kinyume chake, ushahidi ulio bora ni ule uliotafutwa kwao wenyewe, katika lugha yao. Eric ten Raa, aliyekaa Usandawe na kuijua lugha, alichapisha mwaka 1971 makala iliyoonyesha kwamba wazee wa Kisandawe waliweza kumweleza madhumuni ya baadhi ya michoro: mingine ya kupitisha wakati tu, mingine ya uganga wa kuwinda, mingine ikihusiana na matambiko ya koo kwenye majabali yao. Kwa maelezo yake kazi ya kuchora haikukatika zamani za kale sana. Yeye pia ndiye aliyeeleza habari ya simbo, ngoma ya Wasandawe ambamo mchezaji hupandwa na kuwa kama simba. Na ni habari hiyo ya simbo ambayo David Lewis-Williams aliitumia mwaka 1986 kuziunganisha picha za Kolo na nadharia yake ya ngoma za uganga. Imogene Lim, katika tasnifu yake ya mwaka 1992 juu ya Usandawe, aliugeuza mwelekeo wa swali: asiulize tu picha ni ya nini, bali mahali ni pa nini. Naye Mtanzania Fidelis Masao alikwisha kutoa, mwaka 1979, kitabu chake juu ya michoro ya Tanzania ya kati pamoja na zana za mawe zilizochimbwa chini yake, kazi ambayo naona haisomwi kwa kadiri inavyostahili katika vyuo vyetu vya Kenya.

Umri wa michoro ni suala ambalo nitalipita kwa haraka. Katika kivuli cha Kisese, ambako Ray Inskeep alichimba mwaka 1956, vipande vya maganda ya mayai ya mbuni vimepimwa katika miaka ya karibuni na kuonekana kwamba watu walikaa hapo zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Lakini kukaa si kuchora, na umri wa tabaka la udongo hauwi umri wa picha iliyo juu yake ukutani. Lililo wazi ni mfuatano: picha nyekundu zimefunikwa hapa na pale na picha nyeupe, nzito, za mtindo mwingine kabisa, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya wakulima wa Kibantu waliokuja baadaye.

Na hao wakulima ndio wanaotuleta kwenye kiini cha jambo. Jabali kubwa la Kolo lina jina: Mungomi wa Kolo, ambalo wengine huliandika Mongomi. Halikuitwa "jabali la michoro" wala "pango la Kolo". Upatanisho wa "wa" waweza kuwa wa mtu kama ulivyoweza kuwa wa mti, kwa hiyo ngeli haitusaidii kujua kama anayetajwa ni nani au ni nini. Pengine ni vizuri isitusaidie. Nilipopanda huko, kiongozi wetu alipozungumza nasi alitumia neno "michoro" kila mara. Njiani tulimkuta mzee akichunga mbuzi. Kiongozi akamwamkia shikamoo, wakazungumza kitambo. Nilisikia jina la Mungomi mara tatu au nne, na neno la michoro halikutajwa hata mara moja. Tulikuwa tunapanda mlima mmoja kwa safari mbili tofauti.

Kwa wenyeji wa Kolo mahali hapa pana kazi. Hupelekwa maombi ya mvua, hufanywa uganga, huchinjwa mbuzi, na pombe ya nafaka hurashiwa mwambani. Pombe hiyo huanguka juu ya picha. Katika maandishi ya wahifadhi wengi tendo hili limeandikwa katika orodha ya madhara, mstari mmoja na moshi, mifugo, na majina yaliyoandikwa na wageni kwa mkaa. UNESCO yenyewe, ilipoyakubali majabali haya mwaka 2006, ilitaja kuwa sehemu ya thamani yake ni kule kuhusiana na imani na matambiko yanayoendelea. Yaani tendo lile lile lililoonekana kuwa sababu ya kuyaenzi majabali, hapo hapo likawa sababu ya kuyahofia. Emmanuel Bwasiri, mwanaakiolojia wa Kitanzania, alieleza mwaka 2011 kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, ilitungwa kulinda vitu na haikuacha nafasi ya kutosha kwa urithi ulio hai. Namwunga mkono, na ningependa kuongeza la upande wetu: neno "kale" lenyewe limekwisha kuamua kesi. Kikishaitwa cha kale, mwenye kukitumia leo huonekana mvamizi.

Matokeo yake si ya maneno tu. Katika karne iliyopita baadhi ya vivuli vilizungushiwa waya ili kuvilinda, na waya huo ukang'olewa na watu wa karibu, waliouona kuwa na manufaa zaidi kwingine. Pamekuwa pia na uchimbaji wa siri chini ya majabali, wa watu wanaotafuta mali inayosemekana kuwa Wajerumani waliificha walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita vya Kwanza. Vita kweli vilipiganwa Kondoa, mwezi wa Mei 1916, baina ya jeshi la Van Deventer na la von Lettow-Vorbeck. Dhahabu ni hadithi. Hata hivyo hadithi hiyo yatufundisha jambo. Kijiji kimeona wageni wakija kwa muda mrefu, wakipima, wakipiga picha, wakiandika katika lugha zisizosomeka kijijini. Si ajabu baadhi yao wakakata shauri kwamba lazima pana mali iliyozikwa.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba nazungumzia mambo ya jirani. Katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Viktoria, yapo majabali ya Mawanga na Kwitone yenye duara nyekundu na nyeupe, ambazo wenyeji Abasuba husema zilichorwa na watu wafupi wa kale, Watwa, na ambazo wao wenyewe walizihusisha na mvua. Michoro ingaliko. Lakini lugha ya Kisuba imerudi nyuma sana mbele ya Kijaluo, na ni mfano unaotajwa kila mara katika mihadhara yetu juu ya kuhama kwa lugha. Mihadhara hiyo hutaja idadi ya wasemaji, ndoa na shule. Sijapata kusikia hata mmoja ukiuliza maombi ya mvua ya Kwitone yalikuwa na maneno gani, na ni mangapi kati yake yaliyofasiriwa kwa Kijaluo, na mangapi yaliyoachwa.

Usandawe swali hilo bado laweza kuulizwa. Mwaka 2021 Maciej Grzelczyk wa Chuo Kikuu cha Jagiellonian, Poland, alitangaza michoro aliyoikuta mwaka 2018 katika hifadhi ya Swaga Swaga, mahali paitwapo Amak'hee. Miongoni mwake pana watu watatu ambao vichwa vyao ni kama vya nyati, masikio yakiwa yameinamia chini. Yeye mwenyewe aliandika kwamba katika dini ya Wasandawe ijulikanayo leo hamna nyati aliyefanywa mtu. Bali palikuwa na sehemu za simbo na za imani za jirani zinazoweza kupatanishwa na picha hiyo. Naona hapa jambo la kuangaliwa. Jina la mahali limehifadhiwa katika Kisandawe, pamoja na sauti yake isiyoandikika vema kwa herufi zetu. Maana ya picha haimo katika maelezo yaliyokwisha kukusanywa. Baina ya jina na maana pana pengo, na pengo hilo haliwezi kupimwa na mtu asiyejua kuuliza kwa Kisandawe jabali lile latajwaje, mvua yaombwaje, nyati aitwaje na mwindaji na aitwaje na mganga.

Vijana wa Farkwa huenda shule kwa Kiswahili, husali kwa Kiswahili, na huandikiana kwa Kiswahili. Sisi tulioshughulika kukieneza na kukisifu tuna sehemu yetu katika hilo, na sioni sababu ya kulificha. Katika idara yangu nimependekeza kwamba wanafunzi wa tafsiri, badala ya kupewa vijitabu vya wageni ili wavigeuze kwa Kiswahili, wapewe kwanza zoezi la kukusanya majina: majina ya majabali, ya rangi, ya wanyama waliochorwa, katika Kisandawe, Kirangi na Kiburunge, kila moja likinaswa kwa sauti ya msemaji kabla ya kuandikwa. Mwanafunzi mmoja aliniuliza iwapo jina Mungomi litiwe katika orodha hiyo chini ya majina ya mahali au chini ya majina ya watu. Nilimwambia aache nafasi hiyo wazi hadi atakapofika Kolo.